Penseli Katikati ya Meno

Kuna kibanda karibu na soko la Kitengela ambapo vijana huchoma vichwa na kwato za mbuzi kwa ajili ya supu. Jioni nikitoka kazini huvuka barabara mapema ili nisipite mbele yake. Wenzangu tuliokua pamoja hapa huniambia ile harufu ya manyoya yanayoungua inawakumbusha Krismasi, wageni na kelele za uani. Mimi hunikumbusha baba yangu amechutama, amewasha kipande cha gazeti, anapitisha uso wa ngoma juu ya moto na kuugongagonga kwa kidole huku ametega sikio, mpaka ngozi ikaze aridhike. Ngoma zetu zilikuwa zimewambwa kwa ngozi ya kenge, na ngozi ya kenge ikipata moto hutoa harufu ya nywele na ya samaki kwa wakati mmoja. Sikuipenda hata siku moja. Mama alikuwa akifungua madirisha yote huku akilalamika kwamba majirani watadhani tunakula nyoka.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye ploti ya mabati. Baba alifanya kazi kwenye mizani ya malori katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, na kila jioni alirudi na vumbi la kijivu kwenye nyusi, hata kwa muda mrefu niliamini kwamba baba yangu ni mzee sana. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi na chai ikatoka na chumvi yake, tukaizoea. Nyuma ya ploti kulikuwa na uwanda mtupu ambako punda milia walikuja kula asubuhi, wala hakuna aliyehangaika kuwatazama. Sisi tulikuwa watu wa Kakamega tuliofuata mshahara. Mlango wa pili alikaa rafiki yangu Nashipae, Mmaasai wa kule Isinya, aliyeletwa kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Yeye alinifundisha kusalimia kwa Kimaasai, mimi nikamfundisha kula mboga yetu ya mrenda, na kila mmoja wetu aliamini amemfaidi mwenzake.

Kila mwaka shule zetu zilishindana kwa nyimbo na ngoma. Mashindano yalianzia hapa Kitengela, ukishinda unakwenda Kajiado mjini, ukishinda huko unakwenda mbali zaidi. Kila kikundi kilipewa dakika chache tu jukwaani, na mbele yake wameketi waamuzi nyuma ya meza, wanaandika. Walitoa maksi kwa mavazi, kwa miguu, kwa namna ya kuingia na kutoka, na kwa uso. Mwisho wa siku mmoja wao alisimama akaeleza makosa ya kila shule mbele ya watu wote, na watoto waliketi kwenye nyasi wakimsikiliza kama washtakiwa. Mwaka uliotangulia, mwamuzi aliwaambia wavulana wa upande wa Bisil, watoto wa Kimaasai waliokuwa wameacha ng'ombe nyumbani wakaja kushindana, kwamba kuruka kwao hakukuwa na uhalisia wa Kimaasai. Nashipae alicheka hilo kwa muhula mzima.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Njeri, hakucheka. Alipiga hesabu zake. Aliona kwamba karibu kila shule ilikuja Kajiado na shuka nyekundu na shanga, hata zile zilizojaa Wakamba na Wakikuyu ambao hawajawahi kuchunga mbuzi. Akaamua kwamba waamuzi wamechoka, na kwamba mwaka huu tutawapa kitu cha mbali. Akauliza darasani ni nani mzazi wake anajua ngoma ya kwao. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Sijawahi kumwona baba na furaha kama ile. Alisafiri nyumbani akarudi na ngoma tatu za isukuti zimefungwa kwenye gunia, kubwa, ya kati na ndogo, na Jumamosi moja akasimama mbele yetu uwanjani akiwa amevaa shati la kanisani. Aliimba nyimbo kadhaa ili mwalimu achague. Kulikuwa na wa harusi, kulikuwa na wa mtoto aliyezaliwa, na kulikuwa na mmoja ambao aliuimba nusu tu, kwa sauti ya chini, kisha akauacha. Mwalimu Njeri akasema huo ndio anaoutaka. Baba akamweleza kwamba huo ni wa msiba, huimbwa mtu mzima akiwa amelazwa uani na watu wake wamemzunguka. Mwalimu akafikiri kidogo. Halafu akasema kwa upole, maana alikuwa mpole kweli, "Mzazi, hapa Kajiado nani atajua?"

Baba alicheka. Nadhani alifurahi pia kwamba katika zote, mwalimu, Mkikuyu wa Murang'a, amesikia ni upi ulio mzuri kuliko nyingine. Akakubali. Mama alipoambiwa jioni ile aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akasema wazi kwamba hataki kusikia wimbo huo ukiimbwa nyumbani kwake. "Ukiimbwa bila maiti, utatafuta maiti yake," alisema. Baba akamwambia asiwe mshamba. Mama akamjibu kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, akarudi kwenye ugali wake, nami niliyekuwa nikiandika kazi ya shule pale mezani nikayabeba maneno yake yote.

Basi tukaanza mazoezi. Tulikuwa watoto wa kila kabila, tukijifunza kuomboleza kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuielewa. Nashipae aliupata mtikiso wa mabega haraka kuliko mimi niliyezaliwa nao, kwa hiyo akawekwa mbele. Ila nyuso zetu zilikuwa zimenuna, jambo la kawaida kwa mtoto anayehesabu hatua, na Mwalimu Njeri alijua waamuzi wanataka mtoto mwenye furaha. Akatugawia penseli. Kila mmoja aibane katikati ya meno, midomo isiiguse, acheze hivyo hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mate yalitiririka mpaka kifuani. Rangi ya penseli ilibanduka ikakaa ulimini, chungu na kavu. Baada ya wiki kadhaa, ukiondoa penseli, uso ulibaki palepale wenyewe.

Siku baba alipokuja akakuta kundi la watoto wenye penseli mdomoni wakicheza wimbo wa maiti wa kwao, alicheka hadi akashika goti. Halafu akageuka akawa anazikagua ngoma ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia kwamba shuleni nifuate mwalimu anavyosema, kwa sababu mwalimu anajua mambo ya maksi. Lakini mimi ni mtoto wake, kwa hiyo mimi atanifundisha ilivyo.

Alinifundisha nyuma ya tangi la maji, jioni, jua likiwa bado juu ya uwanda. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Alinionyesha kwamba mabega hayarushwi, yanaachwa yaanguke. Miguu haikanyagi, inaburuta kidogo, na macho yanapita juu ya vichwa vya watu, kama unamtafuta mtu aliyetoka nje bila kuaga na bado unafikiri atarudi. Hakuna kuhesabu. Nilijaribu nikashindwa. Nilijaribu tena, nikawa nahesabu, naye akaniona midomo ikisogea. "Usiharakishe, mama," akaniambia. "Hii haishikwi na miguu. Siku moja itakuja tu yenyewe." Nilitaka ije siku hiyohiyo. Nilitaka kumwonyesha zaidi ya nilivyotaka kushinda, na hata sasa sijui kama nimewahi kumtakia mtu kitu kama nilivyomtakia baba kile.

Ilikuja. Nilikuwa peke yangu nyuma ya tangi, baba hajatoka kazini, upepo unapiga mabati ya ploti. Nilianza kwa kuhesabu kama kawaida, kisha hesabu ikanitoka, na mabega yakaanguka yenyewe, na nikajikuta natazama kule uwandani nikimtafuta mtu ambaye sikumjua. Nililia bila kujua ninalilia nini. Haikuniogofya. Nilifurahi kupita kiasi. Niliposikia sauti ya baba mlangoni nikakimbia ndani kumwambia, na ndipo nikamkuta ameketi kwenye stuli, miguu yake ndani ya karai, na mama amepiga magoti anaibonyeza. Ilikuwa imevimba. Vidole vya mama viliacha mashimo kwenye ngozi, na mashimo hayakujaa. Mama hakuniangalia. Alisema, kwa mtu yeyote aliyekuwepo, kwamba yeye alishasema ule wimbo hauimbwi bure.

Sasa nikiwa mtu mzima naelewa. Daktari alieleza baadaye kwamba figo za baba zilikuwa zinakufa pole pole kwa muda mrefu, na mwili ulianza kushikilia maji. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hupanga mambo kwa jinsi yalivyofuatana. Miguu ya baba iliyocheza msiba bila maiti ndiyo iliyovimba. Na ilivimba siku ileile nilipoupata wimbo sawasawa. Kwa hiyo si kuucheza tu ndiko kulikouita msiba. Wenzangu walikuwa wakiucheza kila siku na penseli mdomoni na hakuna kilichotokea. Ni kuucheza kwa kweli. Wimbo ulikuwa umeniona nikiwa tayari, ukadhani kuna maiti.

Nikafanya uamuzi, na sikumwambia mtu. Nitaudanganya. Nitaucheza kwa furaha kubwa kiasi kwamba ukija kutazama, utaona hapa hakuna msiba, utaondoka. Tangu siku hiyo sikurudi nyuma ya tangi. Shuleni nilitabasamu kuliko watoto wote. Nilitabasamu mazoezini, nikatabasamu nikiwa kwenye foleni ya maji, nikatabasamu wakati baba alipoanza kwenda Nairobi kusafishwa damu na kurudi akiwa amekaukiwa, midomo imepasuka, haruhusiwi kunywa maji isipokuwa ya kulowesha ulimi. Mwalimu Njeri alifurahi mno, akanitoa nyuma akanisimamisha mbele kando ya Nashipae. Kwenye mashindano ya hapa Kitengela mwamuzi alininyooshea kidole mbele ya watu wote akasema watoto wengine waige uso wa yule msichana. Nashipae peke yake ndiye aliyesema kinyume. Aliniambia tukiwa tunavua sketi za katani kwamba ninacheka mpaka natisha. Nikamjibu ana wivu.

Tulishinda, tukaambiwa tujiandae kwenda Kajiado. Na baba, badala ya kupona kama nilivyotarajia, alizidi. Aliacha kwenda kazini. Vumbi likaisha kwenye nyusi zake na nikaona kwamba hakuwa mzee hata kidogo. Hilo pia lilinitia hofu. Nikajiambia kwamba bado sijatabasamu vya kutosha.

Asubuhi ya kwenda Kajiado alikuwa ameketi mlangoni penye jua, blanketi mapajani. Mama alikuwa ndani akinikaangia yai. Nilikuja kumuaga nikiwa nimeshavaa sare, na nguo za ngoma kwenye mfuko. Akanishika mkono akaniuliza kama ile siku imewahi kuja, ile aliyonieleza. Nilitazama miguu yake. Akasema, "Nichezee kidogo, mama. Si ile ya mwalimu. Ile yetu."

Alianza kuimba. Hakuwa na ngoma, zilikuwa zimekwenda shuleni, kwa hiyo alipiga kwa vidole kwenye mkono wa kiti. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Na mwili wangu uliusikia wimbo. Nilihisi mabega yakitaka kuanguka, nikahisi macho yangu yanataka kwenda mbali juu ya kichwa chake, kule uwandani. Ilikuwa palepale, nzima, ningeweza kumpa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikakaza meno. Nikarusha mabega kama tulivyofunzwa, nikakanyaga chini kwa nguvu, moja mbili tatu, nikamwangalia baba yangu usoni nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Nilicheza dakika zote za jukwaani bila kuruka hata hatua, na nikamaliza kwa kuinama.

Aliacha kuimba kabla sijamaliza, lakini mimi niliendelea. Kisha akanivuta akaniweka mkono kichwani. "Sawa, mama," alisema. "Nenda, gari isikuache." Nilikwenda nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimemwokoa. Nakumbuka hata ladha ya lile yai nililokula nikikimbia.

Kajiado ilikuwa na vumbi na jua kali, na uwanja umejaa shuka nyekundu kama Mwalimu Njeri alivyosema. Tulipoingia na ngoma za kenge watu waliacha kupiga soga. Sikumbuki mengi ya jukwaani. Nakumbuka mwamuzi mmoja mwanamke, miwani imeshuka puani, ambaye hakuandika chochote tulipokuwa tukicheza, alitutazama tu na uso wake ukawa mzito. Nafikiri alikuwa mtu wa kwetu. Nafikiri alijua. Lakini wenzake walikuwa wengi kuliko yeye. Tulikuwa wa kwanza. Mwamuzi mkuu alisifu furaha yetu, akasema ndiyo roho ya ngoma za Magharibi, na Mwalimu Njeri akalia kwa raha, akatukumbatia mmoja mmoja.

Tulirudi nikakuta kiti cha baba mlangoni hakina mtu. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu yake. Shangazi wa Nashipae alituambia kwamba baba amezidiwa mchana, amepelekwa hospitali, na mama amekwenda naye. Hospitali hawakuruhusu watoto wodini. Nililala kwa akina Nashipae, na kila jioni mama alipita akiwa na uso usiosema kitu, akachukua nguo safi akaondoka. Kila alipokuja nilimpa tabasamu, ampelekee. Siku moja alikuja bila mfuko wa nguo, akaketi kitandani kwa shangazi, na hakukuwa na haja ya kuambiwa.

Tulimzika nyumbani, Kakamega. Alikuwa amelazwa uani, na watu wake wamemzunguka. Ngoma zilezile tatu zilipashwa moto kwa majani makavu, na baba mdogo akaanzisha ule wimbo. Nilikuwa nimeungoja. Sasa hapakuwa na mtu wa kumlinda, sasa ningeweza kumchezea ilivyo, hata kama amefumba macho. Nikaingia katikati na kuyaachia mabega. Hayakuanguka. Yalirushwa, juu, juu, kama kamba zimeyafunga, na miguu ikahesabu, na uso wangu ukafunguka ukawa mpana. Nilijaribu kuufunga nikashindwa. Nilisikia wanawake wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Baba mdogo alishusha ngoma akauliza mtoto huyu anachekelea nini. Mama alinifunika kichwa kwa leso akanitoa pale, akanisimamisha nyuma ya jiko, akaniambia nilie. Sikuweza. Nilisimama ndani ya leso nikiwa nimetoa meno, nikamsikiliza baba yangu akiondoka.

Tangu hapo nimezika watu wengine, na kila mara hukaa nyuma kabisa, mkono mdomoni. Watu hudhani ni heshima. Shule yetu ilikwenda mbele mwaka ule na mtoto mwingine akawekwa pahali pangu. Hawakufika mbali. Nashipae aliniambia kwamba alipocheza safari hiyo aliufunga mdomo makusudi, wakapoteza maksi, na mwalimu hakumsemesha njia nzima ya kurudi.

Mama sasa anaishi nami hapa Kitengela. Amezeeka, na anapenda kuzungumza huku mikono ina kazi. Mwezi uliopita tulikuwa tukichagua maharagwe, akakumbuka asubuhi ile ya Kajiado kama mtu anayekumbuka bei ya kitu. Akasema aliona yote kutoka jikoni. Akasema nilipoondoka baba alilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake, na alipoulizwa akasema ni makosa yake mwenyewe. Ati amenilea mbali sana. Ati ameomba kitu kimoja tu aende nacho, akaona mtoto wake hajui kulia na watu wao, wala hatajua. Hakulizungumza tena, mama akasema, lakini hata wodini alikuwa akigeukia ukuta.

Maharagwe yalinitoka mkononi. Nikamwambia mama kwamba nilijua kuucheza ule wimbo. Nikamweleza habari ya tangi, na ile jioni wimbo ulipokuja, na miguu ndani ya karai, na maneno yake mwenyewe aliyoyasema akiwa amepiga magoti. Nikamweleza kwamba nilimnyima baba ili asife. Nilizungumza kwa haraka, nikirudia rudia, kama mtu anayetaka kuyafikisha maneno kabla mlango haujafungwa. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu, wala hakujitetea. Aliokota maharagwe yaliyomwagika, akayapuliza vumbi, akayarudisha kwenye ungo.

"Hiyo ungemwambia yeye," akasema.